Spana Malaya na Mita Kumi: Kuchagua Lenzi Ikoma

Mhadhara kwa waongoza watalii na wapiga picha wa Ikoma, Wilaya ya Serengeti



Naombeni nianzie gereji. Kila dereva aliyemo humu ana spana malaya kwenye boksi lake la vifaa. Wazee mnisamehe, jina si langu, ni la mafundi. Ni ile spana yenye kijigurudumu shingoni. Ukikizungusha huku taya zinapanuka, ukikizungusha kule zinabana, basi inashika nati ya 10 kama inavyoshika nati ya 24. Hakuna anayeingia porini bila hiyo. Lakini fundi anayejiheshimu haitumii kwa nati anayoifungua kila siku, kwa sababu anaijua tabia yake. Taya zinacheza kidogo. Leo huoni kitu, kesho huoni kitu, ila baada ya miezi kadhaa nati imeliwa pembe zote sita na haishikiki tena kwa spana yoyote.

Lenzi niliyoiona shingoni mwa wengi wenu nilipoingia ni spana malaya. Imeandikwa 18–200, au 18–300, au 18–400. Inapiga nyumba nzima, na bila kuibadilisha inapiga jicho la nyumbu. Wengine mmeinunua pamoja na kamera, wengine mmeachiwa na mgeni aliyemaliza safari yake. Swali mlilonitumia ni hili: siku ya kuiacha ikifika, ninunue nini mahali pake? Nitajibu. Ila nitapita njia ya mzunguko kidogo, kwa sababu swali lenyewe limetaja spana likasahau nati.

Kwanza tuitendee haki lenzi hii, maana waliotengeneza hawakuwa wavivu. Lenzi ya kwanza ya kuvuta kwa kamera za picha za filamu ya milimita 35 ilitoka mwaka 1959. Iliitwa Zoomar, ya kampuni ya Voigtländer, na ilivuta kutoka 36 hadi 82 tu. Ikapita miaka zaidi ya 30 kabla Tamron hawajatoa 28–200 mwaka 1992, lenzi ya kubeba safarini peke yake. Mwaka 2017 kampuni hiyohiyo ikafika 18–400. Kufika huko kumehitaji vioo vingi ndani ya bomba moja, vinavyosogea kila unapovuta, na kila kioo kimekubali kufunika dosari ya mwenzake. Dosari hazikwisha, zimegawanywa. Ukiwa kwenye 18, ukuta ulionyooka unatoka na tumbo. Ukivuta hadi mwisho, manyoya ya simba yanakuwa kama yamepakwa mafuta. Na kitu kikiwa karibu, mita mbili tatu, lenzi nyingi za aina hii hupunguza urefu wake wa kweli. Ndiyo maana ndege aliyetua kwenye kioo cha pembeni cha gari lako hakujaza picha ulivyotegemea.

Hayo yote yanavumilika. Tatizo lenye gharama ni mwanga.

Kila lenzi ina tundu la kupitishia mwanga, na namba yake husomwa kinyume: namba ikikua, tundu linakuwa dogo. Spana malaya ukiivuta hadi mwisho, tundu lake pana kabisa, kwa nyingi, ni f/6.3. Ukiirudisha hadi 50, ni karibu na f/5. Sasa chukua lenzi ya 50 isiyovuta, kile kijilenzi cha plastiki chenye uzito mdogo kuliko simu nyingi. Hicho hufunguka hadi f/1.8. Gawanya 5 kwa 1.8, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: unapata karibu 8. Maana yake ni kwamba mahali palepale, kwa urefu uleule, kijilenzi kile kinaingiza mwanga mara 8. Pale spana malaya inapohitaji sehemu ya 20 ya sekunde, mtu akiwa anacheka na mkono wako unatikisika, chenyewe kinahitaji karibu sehemu ya 160. Mtu amecheka, umemaliza.

Hesabu hii sikuijifunza kitabuni. Nilijifunza kwenye sendofu moja hapo Mugumu. Ukumbi ulikuwa na balbu tatu na vitambaa vya zambarau vilivyomeza hata hizo tatu. Mimi nikasimama nyuma kama bwana mkubwa, navuta lenzi tu, sisogei. Bibi harusi alipoletewa albamu aliifungua, akaifunga taratibu, akaniambia: “Kaka, ndugu zangu wote umewapiga wakiwa ndani ya maji.” Nikarudisha nusu ya fedha. Nusu ile ingetosha kuanzisha kibubu cha lenzi ya 50.

Basi, mtu akishaumia hivyo hukimbilia dukani. Nawaomba msikimbilie. Kabla ya kununua, hesabuni.

Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walizunguka juu ya Serengeti hii kwa ndege yao ndogo iliyopakwa milia ya punda milia, wakihesabu wanyama. Wakati huo mipaka ya hifadhi ilikuwa inabishaniwa, na kila mbishi alijua kwa hakika wanyama wako wapi na wanapita wapi, ingawa hakuna aliyewahesabu. Wao walishuka na namba: wanyama wakubwa 366,980. Michael alikufa ndege hiyo ilipoanguka Januari 1959. Tangu hapo namba zimebadilika sana, na leo nyumbu peke yao hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja. Najua humu ndani wamo wazee wenye neno lao kuhusu mpaka uliotokana na ubishi ule, na neno hilo si la kusemwa na mgeni. Nachukua kwa Grzimek jambo moja tu: ukitaka kubishana, kwanza hesabu.

Picha zenu zinahesabika bila ndege. Kila picha ya dijitali iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera imebeba ndani yake maandishi ya kamera: saa, tundu, na urefu wa lenzi uliotumika. Ifungue kwenye kompyuta, tazama taarifa zake, utaona 18, au 52, au 300. Chukua picha za mwaka mmoja ambazo ulizichapisha, uliziuza, au ulimtumia mtu akashukuru. Zile ulizozisahau kwenye kadi usizihesabu. Gawa karatasi mafungu manne: chini ya 24, 24 hadi 70, 70 hadi 200, na zaidi ya 200. Piga kistari kwa kila picha, kama tunavyohesabu kura kwenye mkutano wa kijiji.

Nilipofanya hivyo mimi, vistari vilirundikana sehemu mbili. Rundo moja lilikuwa kati ya 30 na 50: watu. Rundo la pili lilikuwa mwisho kabisa, pale lenzi inapogoma kuendelea: wanyama. Katikati palikuwa peupe kama uwanja wa mpira saa saba mchana. Miaka yote hiyo nimebeba shingoni uzito wa milimita ambazo sizitumii. Nilikuwa na nati mbili tu.

Wengi wenu mtakuta marundo hayohayo, kwa hiyo niyachukue moja moja.

Tuanze na lile la mwisho, la wanyama, kwa sababu ndilo linalotapeli watu. Mtu akiona vistari vyote viko kwenye 300 husema: basi nahitaji 400, au 600. Huenda. Lakini andikeni kwanza kanuni hii, inatosha kwenye kiganja. Kwa kamera nyingi za bei ya kawaida, upana wa kinachoingia kwenye picha ni umbali kwa mita, mara 22, gawanya kwa milimita za lenzi. Hiyo 22 ni upana wa kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga. Kuna kamera zinazozidi kidogo, haiharibu hesabu.

Nyumbu amesimama mita 40 kutoka kwenye gari. Una 300. Arobaini mara 22, gawanya kwa 300: karibu mita 3. Nyumbu mwenye urefu wa mita 2 hivi anajaza theluthi mbili za picha. Ukinunua 400 upana unashuka hadi mita 2.2, nyumbu anajaa. Vizuri. Sasa rudi kwenye ile 300 yako, ila gari liwe mita 30 badala ya 40. Thelathini mara 22, gawanya kwa 300. Jibu ni lilelile: mita 2.2.

Milimita 100 za dukani zimelingana na mita 10 za ardhini.

Na mita hizo hazipatikani kwa kukanyaga mafuta. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kuacha barabara ukamfuata mnyama kwenye nyasi, na mnyama anayefuatwa hukupa mgongo. Mita 10 hupatikana kwa kuwa umeshafika, umezima injini, umekaa, yeye ndiye anakuja. Kwa hiyo lazima ujue atakuja wapi. Nyumbu wakipita ukanda wa magharibi mwezi wa tano na wa sita, wakielekea Grumeti na kaskazini, mgeni huona bahari ya migongo. Kijana wa kijiji cha Robanda huona korongo watakaloshukia, upande upepo unakotoka, na kichaka ambacho jike mwenye ndama hatakikaribia. Hapo mtu wa Ikoma anamzidi mgeni mwenye lenzi ya bei ya bodaboda.

Yuko mpiga picha Mwingereza, Nick Brandt, ambaye kitabu chake cha kwanza cha wanyama wa Afrika Mashariki, On This Earth, kilitoka mwaka 2005. Picha zile amezipiga kwa Pentax 67, kamera nzito ya filamu, na lenzi mbili zisizovuta, bila lenzi ndefu. Alisubiri. Tembo na simba wake wanaonekana kama watu waliokubali kupigwa picha, na mbingu na nyasi za kwao ziko nyuma yao. Simwambii mtu ashuke garini akamsogelee tembo. Mnaozika ni ninyi, si mimi. Nasema tu kwamba urefu wa lenzi si kipimo cha ukaribu.

Kuna hila nyingine pia ya hapa. Jua likishapanda, ardhi inapumua joto na mbele yako panachezacheza mazigazi, kama maji juu ya lami. Lenzi ndefu huyavuta mazigazi pamoja na mnyama. Saa sita mchana, simba aliye mita 200 atatoka ameyeyuka kwa 300 na ameyeyuka zaidi kwa 600. Hakuna kioo kinachosafisha hewa. Dawa ni kuwahi, au kusogea, au kunywa chai mpaka saa kumi.

Baada ya hayo yote, kama hesabu bado inadai lenzi ndefu, nunueni, na mnunue kwa kazi yenu. Mwongoza watalii anayeendesha mwenyewe hawezi kuning’iniza kilo mbili dirishani, na 150–600 za Sigma na Tamron ziko karibu na uzito huo. Huyo nampa 70–300 nzuri, au 100–400. Hiyo 100–400 ya Tamron ina kilo moja na kidogo. Niseme ukweli: nayo mwisho wake ni f/6.3, sawa na spana malaya. Mwanga hujaongeza hata tone. Ulichonunua ni manyoya kuonekana unyoya kwa unyoya, na lenzi kumkamata mnyama anayekimbia bila kuhangaika huku na huku. Anayekaa nyuma akiongozwa na dereva, huyo abebe 150–600 yake, na afunge kifuko cha kitambaa akijaze maharage au mtama kwa ajili ya kuegemeza kwenye dirisha. Kifuko hicho kina faida kuliko nusu ya vifaa vinavyouzwa kwenye vioo vya maduka.

Sasa rundo la watu: sendofu, kipaimara, mahafali, mzee aliyeketi mlangoni kwake. Turudi kwenye kanuni. Chumba cha kawaida, unaweza kurudi nyuma mita 3 kabla ya kugonga kabati. Kwa 50 utapata upana wa mita 1.3: mtu na nusu. Kwa 35 utapata karibu mita 1.9: mume na mke, na mtoto akijibana. Kwa 24, mita 2.75: familia. Kwa hiyo ushauri unaosambaa wa “anza na 50” ni mzuri ukumbini, na unasumbua nyumbani. Anayepiga zaidi kwenye kumbi na nje achukue 50. Anayepiga ndani ya nyumba za watu achukue 35, au 24. Nyingi ni ndogo na ni nyepesi, na baadhi yake ni miongoni mwa lenzi mpya za bei nafuu. Kama kibubu chenu kina fedha ya kitu kimoja mwaka huu, kiwe hiki, hata kwa mwongoza watalii. Simba wa saa nne asubuhi utampata hata kwa lenzi uliyonayo. Bibi yako aliyekaa kwenye mwanga wa dirisha dogo hutampata.

Lenzi fupi ina adabu yake pia. Yenye 300 inaweza kumwibia mtu sura yake kutoka ng’ambo ya barabara. Yenye 35 inakulazimisha kubisha hodi: usogee, usalimie, uulize habari za mifugo, uombe. Picha itakayotoka ina uso wa mtu aliyejibu salamu. Na yako mambo ambayo hodi yake si ya mpiga picha kubisha. Hapa Ikoma mnayo Machaba, pembe ambazo heshima yake mnaijua kuliko mimi. Mahali kama hapo swali la lenzi ipi halipo. Kamera ikae begini mpaka wazee waseme.

Mandhari nitayapita haraka. Vijana wengi wanataka lenzi pana sana kwa ajili ya tambarare, mawe makubwa na magofu ya ngome ya Wajerumani. Subirini. Mchana, tundu likifungwa hadi f/8, hiyo 18 ya spana malaya inafanya kazi nzuri kabisa. Shikeni kamera sawasawa, isitazame juu wala chini, na kuta hazitaanguka. Lenzi pana iwe ya mwisho kununuliwa.

Na yuko mtu ambaye namwambia asibadilishe kitu: askari wa wanyamapori wa vijiji vyetu. Anaweza kuhitaji picha ya unyayo, ya mtego wa waya, ya gari linaloondoka kwa mbali, yote ndani ya dakika moja, mvua ikinyesha. Huyo nati zake hazijulikani kesho zitakuwa za namba gani. Spana malaya iliumbwa kwa ajili yake.

Maneno machache kabla hamjapanda basi kwenda Kariakoo. Lenzi iliyotumika si dhambi, lakini imulikeni kwa tochi kutoka nyuma. Mkiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu, nao hula kioo. Lenzi iliyokaa miaka kwenye unyevu wa pwani huupata. Vumbi mbili tatu ndani si kitu. Wenye Nikon za mlolongo wa 3000 na 5000, kama D3500 au D5600, kamera zenu hazina mota ya kulenga ndani yake: 50 ya zamani yenye herufi D itaingia na kukaa vizuri, ila utalenga kwa mkono siku zote. Tafuteni iliyoandikwa AF-S. Wenye Canon za DSLR, lenzi za EF-S haziingii kwenye DSLR za Canon zenye kibamba kikubwa. Kama mnaota kuhamia huko, nunueni EF.

Mwisho, vumbi. Atakayeacha lenzi moja akawa na mbili atalazimika kubadilisha, na vumbi la Ikoma halina msamaha. Njia bora ni kamera mbili: ile ya zamani usiiuze, ivishe lenzi fupi, mpya ivishe ndefu, hutafungua kitu porini. Asiye nazo mbili azime injini, afunge vioo, mdomo wa kamera utazame chini, na asipulize kwa kinywa, maana mate hukauka yakabaki. Atumie kipulizio cha mpira. Vioo mkivifunga mtakuwa mmewazuia ndorobo pia, ambao wanaupenda mfuko mweusi au wa bluu kuliko mnavyoupenda ninyi.

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia mtupe spana malaya. Yangu iko chini ya boksi, na siku gari likikwama usiku nitashukuru kuwa nayo. Nimekuja kuomba kila mmoja aijue nati yake kabla hajalipa. Milimita 100 mtazikuta dukani mwaka huu na mwakani, na bei yake imeandikwa. Zile mita 10 hazina duka; baadhi yenu mlizipata mkichunga ng’ombe wa baba zenu kwenye makorongo haya, mkakaa nazo kichwani bila kujua kuwa ni sehemu ya lenzi.

Sasa ni zamu ya maswali. Ila kabla ya swali la kwanza, aliye na kadi yenye picha za mwaka jana aje nayo hapa mbele. Kompyuta imewashwa, karatasi nimeshaigawa mafungu manne, na kalamu hii hapa. Tuanze kuhesabu.